Barua ya wazi kwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuhusu Kanuni ya 50

Mheshimiwa Kirsty Coventry,
Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki,
Lausanne, Uswisi.

YAH: KUADHIBIWA KWA WANAMICHEZO WANAOTOA UJUMBE WA KISIASA KWA AMANI

Mheshimiwa Rais,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Arusha. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza pembeni ya viwanja vya vumbi, saa ya kupimia mbio mkononi. Sina cheo katika shirikisho lolote. Hoja ninazoziandika hapa niliziwasilisha kwanza kwa utaratibu unaotakiwa, kupitia viongozi wa michezo wa ngazi iliyo karibu nami, ambao waliipokea barua yangu, wakaigonga muhuri, wakanirudishia nakala, na baada ya hapo wakakaa kimya. Nilipofuatilia niliambiwa kwa upole kwamba jambo hilo ni la juu. Kama ni la juu, basi nalileta juu, na nalileta hadharani ili wanafunzi wangu na wazazi wao walisome pia.

Malalamiko yangu yanahusu Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki, kifungu cha pili, kinachokataza maandamano ya aina yoyote na propaganda za kisiasa, kidini au za rangi katika maeneo yote ya Olimpiki. Wanaoitetea husema kwamba inaiweka siasa nje ya uwanja. Kwa heshima, nakataa. Siasa haijawahi kutoka uwanjani hata siku moja. Ilichofanya kanuni hii ni kuamua nani ana ruhusa ya kufanya siasa: serikali zinayo, kamati zinayo, ila mkimbiaji na mrusha tufe hawana, ilhali wao ndio wanaolipia siasa za hao wengine. Naomba nieleze hoja moja baada ya nyingine.

1. Siasa za wakubwa hulipiwa na wanamichezo.

Nianze na kwetu. Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu bastola ilipolia hadi kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfuata. Dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, damu ya watoto wa Soweto ikiwa haijakauka. Kamati yako ilikataa kuiondoa New Zealand kwenye Michezo, na Tanzania pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia. Walker alichukua dhahabu. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Munich wa mita 400 kuruka viunzi, hakupata nafasi ya kutetea taji lake. Kenya ilisusia Montreal, kisha ikasusia na Moscow mwaka 1980, na kwa sababu hiyo Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja.

Sisemi kwamba Mwalimu Nyerere alikosea. Ningekuwa na kura siku ile ningeipiga upande wake, na leo ningeipiga tena. Ninachosema ni kwamba ule ulikuwa ujumbe wa kisiasa kuliko ngumi yoyote iliyowahi kuinuliwa juu ya jukwaa la medali, ulitolewa na serikali, na gharama yake haikulipwa na waziri yeyote.

Kamati nayo haikukaa pembeni. Iliifungia Afrika Kusini kuanzia Michezo ya 1964 hadi iliporejea mwaka 1992. Mwaka 1972, kwa kura 36 dhidi ya 31, iliuondoa mwaliko wa nchi uliyozaliwa wewe, wakati huo ikiitwa Rhodesia. Mwaka 2022 iliyataka mashirikisho yawazuie wanamichezo wa Urusi na Belarusi. Baadhi ya maamuzi hayo nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini chombo kinachopiga kura za namna hiyo hakiwezi kumgeukia binti wa miaka ishirini na kitu na kumwambia kwamba uwanja hauna siasa.

2. Adhabu hazina kipimo kinachoeleweka.

Mwaka 1936 mjini Berlin, Luz Long alisimama kwenye jukwaa la kuruka chini akiwa na medali ya fedha, akanyoosha mkono kwa saluti ya Wanazi, hatua chache kutoka kwa Jesse Owens. Hakuadhibiwa, wala Wajerumani wenzake waliofanya hivyo hawakuadhibiwa. Mwaka 1968 mjini Mexico, Tommie Smith, aliyekuwa ametoka kushinda mita 200 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 19.83, na John Carlos, aliyeshika nafasi ya tatu, walipanda jukwaani bila viatu, wakainamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovaa glovu nyeusi. Hawakumtukana mtu wala hawakumgusa mtu. Chini ya shinikizo la Avery Brundage, aliyekuwa akikalia kiti unachokalia wewe leo, walisimamishwa na kuondolewa katika kijiji cha wanamichezo. Katika Michezo hiyohiyo, Věra Čáslavská wa Chekoslovakia aligeuza uso wakati wimbo wa Kisovieti ukipigwa, majuma machache baada ya vifaru kuingia Prague. Kamati haikumwadhibu, walioshughulika naye ni watawala wa nchi yake.

Kisha ikaja Munich mwaka 1972, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kisa hiki kinatugusa watu wa Afrika Mashariki na ni nadra kusimuliwa kwa upande wetu. Katika mita 400, Vincent Matthews na Wayne Collett wa Marekani walishika nafasi ya kwanza na ya pili, na Julius Sang wa Kenya akashika ya tatu. Wimbo wa taifa lao ulipopigwa, Wamarekani wale wawili walisimama kwa kulegea pamoja kwenye ngazi ya juu, Collett akiwa pekupeku, wakizungumza kana kwamba hawausikii. Hawakuinua ngumi wala hawakubeba bango. Wakafungiwa Olimpiki maisha. Siku chache baadaye Marekani, kwa kuwakosa wawili hao na mwenzao aliyeumia, ilishindwa kuunda timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 kwa wanne. Dhahabu ilikwenda kwa Kenya: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na huyohuyo Julius Sang.

Medali ile ni halali, na atakayeidharau mbele yangu tutakosana. Lakini vijana wale wanne walistahili kuwashinda Wamarekani wakiwa kwenye mstari, na wakati mwingine nawaza kwamba wangewashinda. Kamati iliwanyima nafasi hiyo kwa kosa la watu wengine kusimama vibaya. Adhabu yenyewe iliondolewa mwaka 2022, miaka 50 baadaye, Collett akiwa ameshafariki tangu mwaka 2010.

Tukija karibu zaidi, Februari 2022 mjini Beijing, Vladyslav Heraskevych wa Ukraine alimaliza kuteleza kwenye barafu, akaionyesha kamera karatasi iliyokataa vita nchini mwake. Kamati ilisema huo ni wito wa jumla wa amani, na jambo likaisha. Ilifanya vyema. Swali langu ni hili: kipimo kilichotumika siku ile kilikuwa wapi miaka miwili baadaye mjini Paris?

3. Timu ya Wakimbizi imenyimwa kusema kwa nini ni ya wakimbizi.

Tarehe 9 Agosti 2024, katika mashindano ya breki dansi, Manizha Talash wa Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi alifunua joho jepesi la rangi ya samawati lenye maandishi yaliyotaka wanawake wa Afghanistan wawe huru. Alikuwa ameikimbia nchi hiyo baada ya Taliban kurudi madarakani, na huko kwao dansi kwa mwanamke ni jambo la kuhatarisha maisha. Shirikisho la mchezo wake lilimwengua kwa kuonyesha kaulimbiu ya kisiasa kwenye vazi.

Mheshimiwa Rais, timu hiyo tunaijua. Ilipoanzishwa kwa ajili ya Rio mwaka 2016, watano kati ya wanamichezo wake kumi walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, walionolewa Ngong chini ya usimamizi wa Tegla Loroupe, na wawili walikuwa Wakongo wa mchezo wa judo. Mbeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen wa Kakuma. Tulijivuna. Kamati ilieleza wazi kwamba timu ile ni ujumbe kwa ulimwengu kuhusu mamilioni ya watu waliofukuzwa makwao. Sasa, mtu haachi nyumba yake na kuwa mkimbizi kwa sababu ya hali ya hewa ya uwanjani. Kamati inawaalika wanamichezo hawa kwa sababu ya yaliyowapata, inawatembeza mbele ya kamera kwa sababu hiyohiyo, halafu mmoja wao anapotaja waliobaki nyuma anatolewa nje. Nimejaribu kuwaeleza wanafunzi wangu mantiki ya uamuzi huo, na nimeshindwa.

4. Masharti mapya yanawalinda wenye kamati nzuri na kuwaacha wenye hofu.

Nakiri kwamba kuna hatua iliyopigwa. Tangu Julai 2021, kabla ya Michezo ya Tokyo, mwongozo mpya unamruhusu mwanamichezo kutoa maoni yake uwanjani kabla ya shindano kuanza, na tuliwaona wachezaji wa soka wa kike wa Uingereza na Chile wakipiga goti. Lakini yasome masharti yake. Ujumbe usielekezwe, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, dhidi ya watu, nchi au taasisi. Tena usiwe umekatazwa na kamati ya Olimpiki ya taifa la mwanamichezo au na shirikisho la mchezo wake.

Mchukue Feyisa Lilesa umpitishe kwenye masharti hayo. Agosti 2016, mvua ikinyesha Rio, sisi huku tulikuwa bado tunamshangilia Eliud Kipchoge aliyeshinda marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44, pale Mwethiopia yule alipotokea sekunde 70 nyuma yake, mikono ikiwa imekingamana juu ya kichwa. Kaskazini mwa Kenya, Moyale na Marsabit, ambako Kioromo kinazungumzwa sokoni, hakuna aliyehitaji kuelezwa: ilikuwa ishara ya Waoromo waliokuwa wakipinga serikali yao na kuuawa. Lilesa hakurudi nyumbani hadi Oktoba 2018, baada ya serikali kubadilika. Kwa mwongozo wa sasa, ishara yake ingekuwa kosa kwa sababu iliielekea nchi, na ingekuwa kosa pia kama kamati ya nchi hiyohiyo ingetaka iwe kosa. Yaani ruhusa ya kulalamika imewekwa mikononi mwa anayelalamikiwa.

Linganisha na Marekani, ambako kamati ya Olimpiki na Paralimpiki ilitangaza Desemba 2020 kwamba haitawaadhibu wanamichezo wake wanaopinga ubaguzi kwa amani. Kanuni inaitwa moja, lakini mwenye uhuru nyumbani kwake anaongezewa uhuru, na asiye nao anakabidhiwa kwa walewale aliowakimbia.

Haya yanakuhusu kwa karibu kuliko unavyoweza kudhaniwa na watu wa Lausanne. Tarehe 10 Februari 2003, mjini Harare, Henry Olonga na Andy Flower waliingia kucheza dhidi ya Namibia katika Kombe la Dunia la kriketi wakiwa wamefunga utepe mweusi mkononi, wakiomboleza kile walichokiita kifo cha demokrasia nchini Zimbabwe. Olonga, ambaye baba yake ni Mkenya, alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea timu ya taifa ya Zimbabwe, na baada ya mashindano yale aliishi uhamishoni. Ile haikuwa Olimpiki, na kamati yako haihusiki. Nakitaja kisa hicho kwa sababu wewe ulikuwa kijana wa umri wa wanamichezo wengi wa leo, na kilitokea katika mji huohuo uliozaliwa, na unajua vizuri zaidi yangu utepe ule uliwagharimu nini.

5. Majibu ninayoyatarajia.

Nitaambiwa kwamba wanamichezo wenyewe waliulizwa. Ni kweli. Kamisheni ya Wanamichezo, ikiwa chini yako, ilikusanya maoni ya wanamichezo 3,547 kutoka kamati za mataifa 185, na Aprili 2021 ikatangaza kwamba asilimia 70 waliona haifai kutoa maoni hayo uwanjani na asilimia 67 waliona haifai jukwaani. Siidharau takwimu hiyo, na sitashangaa kama wanafunzi wangu wengi wangejibu vivyo hivyo, maana kila mmoja anaota siku yake juu ya jukwaa bila jambo la mwingine kuingia katikati. Lakini haki ya kusema huhitajiwa na wachache siku zote. Ingekuwa ajabu kama wanamichezo wengi duniani wangekuwa katika hali ya Talash au ya Lilesa, na ni heri kwamba hawako hivyo.

Nitaambiwa pia kwamba ishara ya mmoja humwibia mwenzake siku yake. Peter Norman wa Australia, aliyepata fedha Mexico akiwa amesimama mbele ya ngumi zile mbili, alivaa beji ya mradi wa haki za binadamu uleule wa Smith na Carlos, na alipofariki mwaka 2006 wao ndio waliolibeba jeneza lake. Kuhusu Kipchoge, sijui Mkenya yeyote anayedhani dhahabu yake ya Rio ilipungua uzito kwa sababu ya mikono ya Lilesa.

Jibu zito zaidi ni kwamba mlango ukifunguliwa, wabaguzi na wachochezi nao wataingia, na serikali za kiimla zitawalazimisha wanamichezo kufanya ishara za kuzisifu. Hofu hii naiheshimu. Lakini ubaguzi na uchochezi vinaweza kukatazwa kwa majina yake, kama sheria nyingi zinavyofanya, bila kumtupia wavu huohuo anayeomba watu wasiuawe. Ama kulazimishwa, kosa liandikwe kwa anayelazimisha: kamati au shirikisho likithibitika kumshurutisha mwanamichezo atoe ishara, lifungiwe lenyewe.

Na nikiambiwa kwamba wanamichezo wanayo mikutano ya waandishi wa habari na mitandao ya kijamii, sina ugomvi na hilo, ila mshiriki wa raundi ya kwanza kutoka nchi maskini hana mkutano wa waandishi wa habari. Ana dakika chache kamera inapomwangalia, basi.

6. Ninachoomba.

Kwa heshima zote, naiomba Kamati, chini ya uongozi wako, ifanye mambo yafuatayo kabla ya Michezo ya Los Angeles 2028:

(a) Irekebishe kifungu cha pili cha Kanuni ya 50 ili ishara ya amani ya mwanamichezo, isiyochochea chuki wala ukatili na isiyozuia shindano au sherehe kuendelea, isiwe kosa, iwe uwanjani au jukwaani. Mkataba wenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 2023, unataja haki za binadamu zinazotambuliwa kimataifa. Kifungu hiki kisomeke sambamba na maneno hayo.

(b) Ifute sharti linaloipa kamati ya taifa au shirikisho uwezo wa kukataza kile ambacho Kamati ya Kimataifa imekiruhusu.

(c) Kila uamuzi wa adhabu chini ya kanuni hii utangazwe pamoja na sababu zake kwa maandishi, ili aliyeenguliwa Paris aweze kuulinganisha na wa aliyesamehewa Beijing.

(d) Ianzishe utaratibu wa dharura wa kumlinda mwanamichezo ambaye, kwa sababu ya kauli au ishara yake, anaogopa kurejea nyumbani: wakili, mahali pa kukaa, na nafasi ya kuendelea kushindana.

(e) Ipitie upya uamuzi dhidi ya Manizha Talash, pamoja na shirikisho lililomwengua, na kumweleza yeye mwenyewe matokeo ya mapitio hayo.

Ombi la mwisho ni dogo. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026 ni ya kwanza kuandaliwa katika ardhi ya Afrika, na wanamichezo watakaokwenda huko ni watoto wa umri wa wanafunzi wangu. Naomba wapewe mwongozo huo kwa lugha wanazozielewa, Kiswahili kikiwemo, kabla hawajapanda ndege, ili kijana asije akaadhibiwa kwa kanuni ambayo hajawahi kuisoma. Kama Kamati haina mtu wa kuutafsiri, niko tayari kufanya kazi hiyo bila malipo.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi, nami nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, lolote litakalokuwa.

Wako katika michezo,

Mwalimu wa michezo,
Arusha, Tanzania.

Nakala: Kamati za Olimpiki za Tanzania, Kenya na Uganda, Kamisheni ya Wanamichezo ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.